Aliye Juu Mngoje Chini

Ndugu msomaji, najua tabia yetu sote. Gazeti hili la chama likitoka, mkono wa kwanza huenda kwenye vitendawili, wa pili kwenye mashairi, wa tatu kwenye picha za siku ya wazazi ili kila mtu ajitafute yu wapi. Kurasa za maoni husomwa siku ambayo mwalimu hakuja darasani. Hata hivyo nakuomba unipe dakika zako chache, kwani jambo nililo nalo limenivunja mkono.

Nataka kusema juu ya kupanda. Sisemi kupanda mihogo, wala kupanda matatu ya Bamburi pale Kengeleni, ingawa hiyo nayo saa kumi na moja jioni yataka misuli. Nasema kupanda kwa mikono na miguu: mti, jabali, mlima. Nimekuwa na ugonjwa huu tangu utotoni. Mama yangu husema nilijua kuparamia dirisha kabla ya kujua kutembea, na kila nikifika ugenini jambo la kwanza ni kuinua macho nione kuna nini cha kupandwa.

Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nikiuliza swali moja. Katika mji mkubwa kama huu wa Mombasa, mtu apande wapi, na apande na nani? Nilishughulika mno na nusu ya kwanza ya swali, nikaipuuza ya pili. Leo naamini, na ndiyo maana nimeshika kalamu, kwamba nusu ya pili ndiyo swali lenyewe.

Kwanza nimalize habari ya mahali, maana haichukui muda. Ngome ya Yesu ina kuta ndefu za kupendeza, zilizoanza kujengwa mwaka 1593, na waliokwisha kuziparamia ni Waomani, usiku mmoja wa Desemba 1698, baada ya kuizingira ngome kwa miezi 33. Wewe ukizijaribu leo utajieleza kwa askari wa makumbusho, na ni haki yako kujieleza, kwa sababu urithi wa wazee si ngazi. Vilima vya Nguu Tatu kule Kisauni ni vya kutembea, huhitaji mkono. Mibuyu ya Mama Ngina ina shina laini lisiloshikika, ndiyo maana waangua mabuyu wa mashambani hupigilia vigingi kwanza. Majabali ya ufukweni, upande wa kisiwani na upande wa Nyali, yanavutia macho, lakini ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe: kingo zake zakata kama wembe, na chini yake mawimbi yamekula yakaacha pango, hivyo kinachoonekana jabali wakati mwingine ni paa tu lisilo na ukuta. Haya nimeyajua kwa ngozi yangu, kama utakavyoona.

Ukitoka nje ya mji, mambo hubadilika. Voi ni safari ya asubuhi moja kwa reli mpya iliyofunguliwa 2017, na kuanzia hapo una milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,200, na Kasigau wenye mita 1,641 ukisimama peke yake nyikani. Ukifika Nairobi ndiyo utaona wivu. Kule kuna Mountain Club of Kenya tangu mwaka 1949, kuna majabali ya Lukenya kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini, na kuna Hell's Gate karibu na Naivasha na ule mnara wa jiwe uitwao Fischer's Tower. Kijana wa Nairobi akitaka kukwea Jumamosi, atapata jiwe na atapata mtu. Sisi wa Kongowea tuna soko la mboga linalolisha pwani nzima, lakini jabali hatuna.

Basi likizo ya Agosti nikaamua kujitafutia. Nilikwenda sokoni kununua kamba. Muuzaji akaniuliza, "Wafunga nini?" Nikamjibu, "Mtu." Akacheka, akadhani nafanya mzaha, akanipimia ile kamba ya nailoni wanayotumia mahamali kufungia magunia kwenye mikokoteni. Nikamchukua rafiki yangu wa darasani, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado ni rafiki yangu, tukaenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Juu ya jabali palikuwa na mvinje. Tukaizungusha kamba kwenye shina lake, ncha moja nikajifunga kiunoni, ya pili akaishika yeye chini mchangani. Kazi yake ilikuwa moja: kuivuta kila nipandapo, na kuizuia nikiteleza.

Nilipofika kimo cha ghorofa moja hivi, nikasikia kelele nyuma yangu. Vijana walikuwa wakicheza kandanda pale pwani, na mpira ukamjia mwenzangu miguuni. Naye ni nambari tisa wa timu ya shule! Wallahi hata mimi simlaumu sana. Mpira ukimjia mtu kama yule, miguu haingoji ruhusa ya kichwa. Aliiachia kamba, akapiga chenga moja, akatoa pasi nzuri (nimeambiwa baadaye kwamba ilizaa bao). Wakati uo huo jiwe nililoshika likamegeka. Kamba ikapita juu ya mvinje ikilia kama nyoka, nami nikaifuata kinyumenyume.

Nilivunjika kiwiko cha mkono, cha kushoto, shukrani kwa Mola kwa sababu huandika kwa kulia. Paja likachunika. Wiki sita na plasta. Mama hakunipiga. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, ulikuwa wenda wapi huko juu?" Swali hilo sijalipatia jibu mpaka hivi leo.

Sasa, mtaani kwetu yuko mzee mmoja mkwezi wa minazi. Amekwea kwa zaidi ya miaka 40, kuanzia mashamba ya Rabai hadi minazi ya nyumba za matajiri wa Nyali. Alikuja kunijulia hali, mkononi ana madafu mawili.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia weye nawe u mkwezi siku hizi."

Nikaona haya. Akaomba aione kamba. Akaipitisha baina ya vidole, akaizungusha, akainusa hata. "Hii ni ya viazi," akasema. "Viazi vikianguka havina mama wa kulia." Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya. "Na huyo aliyekushikia, ulimchagua vipi?"

Nikakaa kimya. Kusema kweli sikumchagua. Alikuwepo tu, tena alikuwa na hamu.

Mzee akanieleza kwamba wao wakwezi wengi hupanda peke yao, bila kamba ya kuwazuia, na mgema hupanda hata mara mbili tatu kwa siku mnazi ule ule, masika na kiangazi. Miguu yao husimama juu ya vidato vilivyochongwa shinani. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwamba ndugu yake mkubwa alianguka asubuhi, shambani, na hakuna aliyejua mpaka jioni watu walipoona hakurudi. "Huenda angekufa vilevile," akasema. "Lakini lau pangekuwa na mtu chini, asingekufa peke yake kutwa nzima."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoanza kuufikiri upya msemo wetu wa kila siku. Sote twajua "Aliye juu mngoje chini." Twautumia kwa roho mbaya kidogo. Fulani kapata cheo, fulani kanunua gari, twasema mngoje chini, yaani ataanguka tu, nasi tutakuwepo kumcheka. Lakini kwa mkwezi maneno hayo yana maana nyingine kabisa, na nadhani ni nzuri zaidi. Aliye juu anahitaji mtu wa kumngoja chini. Anahitaji mtu mwenye kamba mkononi na macho juu, asiyepiga mpira.

Hebu tuwatazame waliotutangulia. Mwaka 1943 katika kambi ya mateka wa vita kule Nanyuki alikuwako Mwitaliano aitwaye Felice Benuzzi, aliyetekwa Ethiopia. Kila kulipokucha, mawingu yakifunguka, aliuona Mlima Kenya nyuma ya seng'enge. Mahali pa kupanda alipaona bila kuuliza. Taabu yake ilikuwa watu. Katika kambi nzima ya wanaume wenye njaa na kiherehere, ilimbidi atafute kwa siri, kwa kupima mmoja mmoja, ni nani anayeweza kufungwa naye kamba moja. Akampata daktari, Giovanni Balletto, na mwingine, Vincenzo Barsotti. Kamba zao walizitoa kwenye katani ya vitanda vya kambi. Wakatoroka Januari, wakashindwa na Batian lakini wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha, usicheke, wakarudi wenyewe kambini wakafungwa. Ninayempenda zaidi katika kisa hiki ni Barsotti. Aliugua, hakufika kileleni, akabaki kwenye hema akiwangoja wenzake. Vitabu humtaja kwa ufupi. Mimi naona alikuwa kazini.

Tena kabla yake, mwaka 1929, Eric Shipton na Wyn Harris walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Nelion. Habari ikatoka gazetini, mkulima mmoja wa kahawa, Bill Tilman, akaisoma, akamwandikia Shipton barua. Mwaka uliofuata wawili hao waliupanda mlima huo pamoja kwa njia ngumu kupita ile ya kwanza. Barua moja tu! Bila shaka nchi ilikuwa ya wakoloni wakati huo, na mababu zetu katika picha zile ni wachukuzi wasio na majina, wenye mizigo kichwani. Hilo nalo lauma. Lakini miaka imepita. Mei 2022 James Kagambi, Mkenya mwenzetu mwenye umri wa miaka 62, alisimama juu ya Everest, naye alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mpanda milima. Mei 2024 Mkenya mwingine, Cheruiyot Kirui, alikwenda huko huko pamoja na Mnepali aitwaye Nawang. Wakaenda wawili, na hakuna aliyerudi. Nimelifikiri sana hilo. Kufungwa kamba na mtu si mchezo wa picha.

Kuna mwalimu tuliyemwendea na wazo la kuanzisha chama cha ukweaji shuleni. Alitusikiliza kwa heshima, akasema michezo inajulikana: kandanda, voliboli, riadha, na mengine ni ya wazungu na ya nyani. Kwa taadhima namjibu kwamba mchezo huu umo katika Olimpiki tangu ile ya Tokyo iliyofanyika 2021. Katika Olimpiki ya Paris 2024, medali ya dhahabu ya mbio za kupanda ukuta wa mita 15 ilichukuliwa na Veddriq Leonardo kwa sekunde 4.75. Anatoka wapi? Indonesia, nchi ya minazi kama pwani yetu. Mita 15 ni kimo ambacho mzee wetu wa mtaani hukipita kabla ya kuanza kuhema, maana minazi mirefu yafika mita 20 na zaidi. Hata hivyo pana tofauti. Kule Paris kamba hushikwa na mashine. Kongowea hatuna mashine, itabidi tuwe na watu.

Rai yangu basi ni hii, na najua wenzangu wa chama hawataipenda kwa kuwa wao wanataka kuanza na ukuta. Tusianze na ukuta. Ukuta ni fedha, kamati na ahadi za wagombea. Tuanze na washikaji. Shule ikitupatia kitu, itupatie kamba moja ya kweli ya wapandaji, ile inayonyumbuka mtu akianguka ili isimkate kiuno, tofauti na hii ya viazi inayokaza ghafla kama mwalimu wa nidhamu. Ituongezee mikanda miwili ya mapajani na kiunoni, pete za chuma na kofia ngumu. Muhula mzima wa kwanza mtu asipande juu ya kichwa chake mwenyewe. Ajifunze fundo la nane mpaka alifunge gizani. Ajifunze kwamba mkono wa kuzuia hauachi kamba hata nzi akitua puani. Ajifunze kumkagua mwenzake mkanda na fundo kabla nyayo hazijatoka ardhini, naye akaguliwe, hata kama ni nahodha. Na yale maneno yasemwe kwa sauti kila mara: "Uko tayari?" "Niko tayari." "Napanda." "Panda."

Na tumwalike mkwezi. Hapa nasisitiza. Tuna desturi ya kualika mameneja wa benki na mawakili kuja kutuelekeza maisha, nao hutuambia tupande ngazi za mafanikio, ilhali mtu aliyepanda kwelikweli anapita nje ya lango letu kila asubuhi na panga lake kiunoni, na hatumpi hata salamu. Yeye atufundishe mguu ukae vipi, uzito uende wapi, namna ya kushuka, ambako ndiko wengi huumia. Nasi tumfundishe kamba. Sisemi atakubali. Nilipomwambia alisema kamba itamchelewesha, naye hulipwa kwa idadi ya minazi. Hoja hiyo ni nzito na sina jibu lake kamili. Lakini alikaa akaitazama picha ya mkanda kwa muda mrefu, akauliza bei yake.

Nafungua mabano kidogo kwa ajili ya walimu wetu wa lugha. Mnajua kwamba kidato, hiki tunachosema Kidato cha Tatu, ndicho kile kile cha mnazi? Ni alama aliyoichonga mtu kwa panga ili mguu wa anayefuata upate pa kukaa. Wadogo zetu wanakuja na Gredi zao, na neno hili litatoka madarasani. Minazini litabaki, inshallah, madhali wachongaji wapo.

Nilikuwa kwenye habari ya kumchagua mwenzi. Plasta ilipotolewa, nilikaa nikaandika majina ya marafiki zangu wote, nikajiuliza swali la Mzee. Hodari wa mpira nikamfuta. Msemaji wa darasa nikamfuta, kwani yeye akishika kamba atahutubia. Mwenye nguvu kuliko wote nikamfuta pia, kwa sababu aliwahi kuniazima kitabu akasahau alimwazima nani. Mwishowe nikabaki na jina moja ambalo sikulitarajia: kijana mpole wa darasa la pili kutoka letu, ambaye sijawahi kucheza naye. Ni mpiga kengele wa shule. Tangu apewe kazi ile, mvua au jua, mtihani au tamasha, kengele haijachelewa hata dakika moja. Wengi wetu hatujui jina lake, twajua kengele tu.

Huenda ni kwa sababu nakulia karibu na Kengeleni. Kile kijiji cha Freretown kilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yake ilikuwa ikipigwa kuwaonya wakati hatari ya watekaji inapokaribia. Wengine walilala kwa sababu mmoja alikuwa macho.

Nilimwendea baada ya vipindi, nikamwambia natafuta mtu wa kunishikia kamba. Hakuuliza tutapanda wapi, kama walivyouliza wengine wote. Aliuliza, "Una kilo ngapi?" Nikamwambia. Akafikiri, akasema yeye ni mwepesi kuliko mimi, hivyo nikianguka nitamnyanyua yeye, na itabidi naye afungwe kwenye mti. Jameni, mtu hajawahi kushika kamba maishani!

Sasa hukutana kila Jumamosi asubuhi chini ya mwembe wa nyuma ya maktaba. Kamba ni ile ile ya viazi, kwa hiyo hatupandi popote, twafunga na kufungua mafundo tukiwa tumeketi. Ananikagua, namkagua. Uko tayari, niko tayari. Wapitao hutucheka. Mzee alikuja Jumamosi moja, akatusimamia kimya, akaondoka na fundo la nane alilolifunga mwenyewe kwa mara ya pili tu ya kujaribu.

Tunatafuta wengine wanne, wavulana kwa wasichana. Anayetaka aje, ila ajue kwamba ataanza kwa kushika. Simu aiache bwenini, na mpira pia.